Kura ya Mtu wa Mwisho Mstarini

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Herieth Elinihaki Mbwambo
Umri: Miaka 43
Kazi: Mfanyabiashara wa nguo
Makazi: Nyumbani ni Same, mkoa wa Kilimanjaro. Hapa Guangzhou amepanga chumba ghorofa ya sita, mtaa wa nyuma ya Barabara ya Zhanqian
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani Imelda Ngowi, mwanafunzi wa chuo kikuu
Tarehe: Jumanne, 20 Mei 2025, saa nne asubuhi
Afisa anayeandika: Liang

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeelezwa kwamba natakiwa kusema yale niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, na kwamba uongo una adhabu. Nimeelewa. Nimepewa maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi. Sijayanywa, lakini nashukuru.

Afisa ameanza kwa kuniuliza kama sisi Watanzania tuna mahakama yetu humu mjini. Hatuna. Tuna Umoja wa wafanyabiashara, na Umoja una wazee watano wanaosuluhisha ugomvi wa mizigo. Ukitokea ugomvi wanakaa, wanasikiliza, wanaamua. Asiyeridhika anakata rufaa kwa waamuzi watatu. Hao watatu hawateuliwi na mtu, tunawachagua wenyewe. Tulikubaliana hivyo kwa sababu anayeteuliwa na wazee hawezi kuwakosoa wazee. Tulijiona tuna akili sana siku tulipokubaliana.

Marehemu Geofrey Mwakalinga namfahamu kwa muda mrefu. Ni mtu wa Tukuyu, ana duka la nguo Mbeya mjini, na mke wake anaitwa Kissa. Hapa alipanga chumba kinachotazamana na changu. Aliniita jirani, nami nilimwita jirani. Akipika ndizi alinigongea mlango, nami nikipika makande nilimgongea. Tulikuwa tunataniana kwamba chakula cha mwenzako ndicho kinachoshibisha.

Mwaka jana Geofrey alitengenezesha suruali za jinzi kwenye karakana moja kule Xintang. Mfuko wa nyuma alibuni mwenyewe, una mshono wa majani ya mgomba. Mimi nami nilikwenda karakana hiyo hiyo siku nyingine, na laoban, yaani bosi wa pale, alinitolea suruali ile kwenye rundo la sampuli akasema ni ya kwake, niagize ninavyotaka. Niliipenda nikaagiza. Mzigo wangu ukafika Moshi kabla wa Geofrey haujafika Mbeya. Wateja wake wakamwambia kwamba bidhaa yake tayari inauzwa Moshi.

Geofrey alinishtaki kwa wazee kwamba niliiba sampuli yake nikaipeleka mwenyewe kwa laoban. Nilieleza kama nilivyoeleza hapa. Wazee hawakuniamini. Waliamua nitolewe kwenye kontena la pamoja kwa miaka miwili.

Afisa ameuliza maana yake. Sisi wadogo hatujazi kontena peke yetu. Tunachanga mizigo, mmoja marobota matano, mwingine kumi, linajaa, linakwenda bandari ya Nansha, linasafiri. Ukitolewa kwenye kontena la pamoja umetolewa kwenye biashara. Hakuna atakayekufukuza Guangzhou, ila utakaa unatazama dirishani mpaka visa iishe. Nina biashara hiyo moja tu. Mama yangu na watoto wangu wawili wako Same, na wote wanaitegemea.

Nilikata rufaa. Waamuzi walikuwa wawili tu, wa tatu alikuwa amerudi nyumbani moja kwa moja. Wale wawili walisikiliza wakagawanyika, mmoja upande wangu, mwingine upande wa wazee. Ikabidi nafasi ya tatu ijazwe kwanza. Kwa hiyo uchaguzi ule, hata kama haukusemwa hivyo kwenye tangazo, ulikuwa wa kesi yangu. Kila mtu alijua atakayeshinda ndiye atakayeamua kesi yangu.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza ni Bartholomeo Rwechungura, wakala wa mizigo, mtu wa maneno mazuri na mkono mwepesi kusaidia. Yeye alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la simu kwamba akichaguliwa atasimama na wenye jasho lao, na wezi wa sampuli wataona. Hakunitaja jina. Macho hayana pazia, na masikio vilevile. Wa pili ni Clementina Komba, anayeuza vipuri vya simu, sisi tunamwita Mama Komba kwa heshima. Yeye hakutuma ujumbe wowote.

Siku ya Jumatano tarehe 14 Mei nilikwenda kwa Mama Komba dukani kwake. Nilimwomba aniahidi kwamba ataniokoa. Nilimwambia nina watu, nitawaleta mstarini kwake. Aliendelea kufunga kasha alilokuwa anafunga. Akasema, "Nikikuahidi wewe leo, Geofrey akija kesho nimwambie nini?" Nikamwambia mwenzake ameshaahidi. Akasema amesikia. Nilitoka pale na hasira. Niliona mwanamke mwenzangu ananiacha nizame ili yeye abaki safi. Hata hivyo niliwapigia watu wangu niliokuwa nao, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumpa kura.

Alhamisi nilisikia kwamba Geofrey amekwenda Xintang. Sikujua amefuata nini. Tangu hukumu ya wazee tulikuwa hatusalimiani. Tukikutana kwenye lifti mmoja wetu alitazama namba za ghorofa.

Mnamo tarehe 18 Mei 2025, siku ya Jumapili, baada ya ibada, tulikusanyika kwenye ghala lililo nyuma ya maduka ya jumla ya Barabara ya Zhanqian. Mwenye ghala alituruhusu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na ilikuwa bado inanyesha kidogo. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa Burhani, mtu wa Tanga, karani wa mizigo, ambaye hana upande na ndiyo maana tulimpa kazi hiyo.

Hatupigi kura kwa karatasi. Tulipiga zamani, zikatoka karatasi nyingi kuliko watu, tukaacha. Sasa mgombea anasimama mbele, watu wanajipanga nyuma yake, kila mmoja anaweka mkono begani kwa aliye mbele yake. Msimamizi anapita anagusa kila mtu na kutaja namba kwa sauti. Sheria ni moja, na Burhani aliitangaza siku hiyo kama kawaida: ukishahesabiwa uko huru kusogea, lakini ukitoka mstarini kabla hujahesabiwa umejifuta. Tuliiweka sheria hiyo kwa sababu kuna watu walikuwa wakiona mstari wa pili unarefuka wanahamia huko.

Mstari wa Bartholomeo ulipangwa ukutani, ndani. Wetu wa Mama Komba ulipangwa kuelekea mlangoni, kwa kuwa katikati palijaa marobota. Mimi nilichelewa kuingia. Nilikaa nje kwanza, niliona aibu kusimama kwenye mstari wa kesi yangu mwenyewe. Nilipoingia nikawa wa mwisho, na nyuma yangu ndiyo ilikuwa njia ya kupakia mizigo, ile yenye mteremko.

Burhani alianza na mstari wa Bartholomeo, wakawa thelathini na moja. Akaja kwetu. Alipokuwa katikati ya mstari wetu, nilisikia mtu amekuja nyuma yangu, mkono ukawekwa begani pangu upande wa kushoto. Nilidhani ni mmoja wa watu wangu niliowapigia.

Kisha nikasikia sauti yake. Alisema, "Jirani, simama tu. Nilikwenda Xintang. Tukishahesabiwa nitakueleza."

Ilikuwa sauti ya Geofrey. Sikugeuka. Sijui kwa nini sikugeuka. Nadhani niliogopa nikigeuka ataondoka.

Burhani alifika kwangu, akanigusa, akasema thelathini na moja. Nilikuwa nimehesabiwa. Hapo tulikuwa sawa kwa sawa na wenzetu. Katiba ya Umoja inasema wakilingana, wazee watano ndio watakaomteua mwamuzi. Hao ni wazee wale wale walionihukumu. Kwa hiyo mtu aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyekuwa anaamua.

Watu wa mstari wa Bartholomeo walimwona Geofrey. Wakaanza kucheka na kumwita, kwamba Geofrey umepotea njia, mstari wako ni huku. Bartholomeo mwenyewe alisema mlalamikaji atakaaje na mlalamikiwa, kuna mchezo hapo. Pakawa na kelele. Burhani alimwuliza Geofrey, "Una hakika hapo ndipo?" Geofrey akajibu, "Hapa hapa." Burhani akageuka kuwanyamazisha wenzetu wa ukutani, akapiga hatua kurudi ndani.

Wakati huo guta la umeme la magurudumu matatu lilikuwa linashuka kwenye mteremko, likiwa limebeba marobota juu kupita kichwa cha dereva. Dereva ni mzee Luo. Tunamfahamu sote. Hutupakilia mizigo, na kila siku akipita hupiga honi nasi humpisha, hata bila kutazama, miguu inajua yenyewe.

Afisa ameniuliza kama dereva alipiga honi. Amesema swali hili ni muhimu kwa sababu mzee Luo yuko chini ya ulinzi.

Kabla sijajibu, naeleza jambo moja. Jana Jumatatu Bartholomeo alikuja chumbani kwangu na mkate na maziwa. Alinipa pole kwa unyenyekevu, na naamini alikuwa na majonzi ya kweli. Aliniambia, "Dada, ukiulizwa, sema hakupiga honi. Fikiria Kissa na watoto." Alinieleza kwamba kosa likiwa la dereva peke yake familia itapata kitu, lakini ikionekana Geofrey alisikia na akakaa, hawatapata. Nilimwambia sawa. Aliposhuka ngazi niliendelea kukaa mlangoni nikiutazama mlango wa Geofrey. Viatu vyake vya mvua bado viko pale nje.

Jibu langu ni kwamba dereva alipiga honi. Alipiga mara tatu, na ya tatu aliivuta kwa muda mrefu. Mimi niliisikia, na Geofrey aliisikia, kwa sababu vidole vyake vilikaza begani pangu. Nilisikia pia mzee Luo akipiga kelele kwa Kichina. Breki zilikuwa zinalia lakini sakafu ilikuwa na maji na mzigo ulikuwa unamsukuma. Naomba iandikwe kwamba alijaribu kusimama.

Afisa ameniuliza kwa nini basi marehemu hakusogea. Amesema mtu mzima mwenye afya anasikia honi mara tatu, nafasi ya kusogea ipo, hasogei. Amesema haelewi, na ameniomba nisaidie.

Ili nijibu ni lazima niseme na jambo lingine. Umoja sasa umegawanyika kuhusu kura ya Geofrey. Watu wa Mama Komba wanasema Burhani alitaja thelathini na mbili pale alipogeuka, kwa hiyo Geofrey alihesabiwa na Mama Komba ameshinda. Watu wa Bartholomeo wanasema hakutaja, na tena asiyekuwepo na lake halipo. Wamelisema hilo juu ya maiti ambayo haijasafirishwa. Burhani mwenyewe hakumbuki. Nilimkuta jana kwenye ngazi, anatazama mkono wake. Aliniambia, "Dada Herieth, wewe ndiye uliyekuwa karibu. Utakachokisema polisi ndicho nitakachokiandika." Umoja mzima umekubali hivyo. Kwa hiyo najua kwamba nikisema hapa kwamba alihesabiwa, nina mwamuzi, na pengine nina kontena. Nikisema hakuhesabiwa, wale wazee watano watateua mtu wao, na mimi nimekwisha.

Mama Komba naye alikuja jana jioni. Alileta wali na maharage kwenye hotipoti. Alikaa kitandani, akanitazama nikila, akaosha kijiko, akaondoka. Hakuniuliza kitu. Ile hasira niliyokuwa nayo juu yake niliitafuta nisiione. Sijaona kitu kingine chochote mahali pake pia. Tangu Jumapili niko hivi. Sijalia, na watu wameanza kuniangalia vibaya kwa hilo.

Sasa najibu swali la afisa. Geofrey hakusogea kwa sababu hakuwa amehesabiwa. Burhani hakumgusa wala hakutaja namba yake. Kama angekuwa amehesabiwa angekuwa huru, na honi ya kwanza tu angekwenda pembeni kama kila siku. Angesogea kabla hajahesabiwa angejifuta, na wale wa ukutani walikuwa wanamtazama wanasubiri afanye hivyo. Alimsubiri Burhani ageuke. Ilikuwa ni kusubiri kidogo tu. Nadhani hakuamini kwamba guta halitasimama, maana mzee Luo husimama.

Afisa ameniuliza mimi nilikuwa wapi guta lilipofika. Ameuliza kwa sababu nilikuwa mbele ya marehemu, mkono wake uko begani pangu, na mimi sina hata mkwaruzo.

Mimi nilikuwa nimeshahesabiwa. Honi ya tatu ilipolia nilisogea. Sikufikiri, miguu ilisogea yenyewe kuelekea kwenye marobota, na mkono wake ukatoka begani pangu. Sikumvuta. Ningeweza kuushika mkono ule nikamvuta, ulikuwa hapo hapo. Kura yake ingefutika na mimi ningeshindwa kesi. Sisemi kwamba nililiwaza hilo. Nasema sijui kama sikuliwaza. Nimejiuliza tangu juzi na sipati jibu, na ningependa kulipata, hata kama ni baya.

Nilipogeuka, Geofrey alikuwa amebanwa kati ya guta na nguzo ya chuma iliyo kando ya mlango. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umenyooka mbele, pale nilipokuwa nimesimama. Alinitazama. Watu walikuja, wakalisukuma guta nyuma, mzee Luo alikuwa amepiga magoti analia. Gari la wagonjwa lilikuja upesi. Nilipanda nalo mimi na Burhani. Hospitali walituambia kabla ya jioni kwamba amefariki.

Afisa ameuliza kama najua marehemu alitaka kunieleza nini kuhusu Xintang. Sijui. Jana nilimpigia laoban wa karakana nikamwuliza Geofrey alikuja kwake Alhamisi kutafuta nini. Alinijibu meiyou, yaani hakuna, hakuna mtu, hakuna kitu. Nikamwuliza tena, akakata simu. Huenda Geofrey aliiona ile suruali kwenye rundo la sampuli kama nilivyoiona mimi. Huenda aliona jambo lingine kabisa. Alisimama nyuma yangu, hilo nalijua. Siwezi kulitumia kama ushahidi wa kitu chochote.

Afisa ameniuliza kama nina la kumwambia mzee Luo. Aambiwe kwamba tulimsikia.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sijaongezewa neno wala kutishwa. Nimesomewa yote kwa Kiswahili na ni ya kwangu.

Saini ya shahidi: H. E. Mbwambo

MAANDISHI YA AFISA

Maelezo haya yameandikwa nami na kusomwa kwa shahidi kupitia mkalimani. Shahidi alisahihisha mahali pamoja: ilipoandikwa "tulisogea" aliomba pafutwe na paandikwe "nilisogea". Ameomba nakala moja apewe Burhani, na nyingine itunzwe hadi mke wa marehemu atakapoihitaji. Alipoambiwa amemaliza na anaweza kwenda, hakusimama. Aliambiwa mara ya pili na mkalimani, ambaye alimgusa begani. Hapo shahidi alianza kulia, na tulisubiri.

Liang, afisa mpelelezi
20 Mei 2025